Bwana Suuza na Sabuni Isiyoisha

Kuna watu wanaoosha vyombo, halafu kuna Bwana Suuza. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho chake tu, maana tangu aanze kazi katika bwalo la chuo cha ualimu hakuna aliyelitumia. Wapishi walimwita Suuza, walimu walimwita Suuza, wanafunzi walimwita Mzee Suuza, na yeye mwenyewe akipiga simu alisema, "Suuza hapa." Wengine huosha sahani, wakaipitisha kwenye maji mara moja, wakaona wamemaliza. Yeye aliisuuza katika sinki la pili, akaihamishia la tatu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza mgongo, akainusa, na kama hakuridhika aliirudisha ilikotoka huku akiigombeza. "Unataka kuniaibisha wewe," aliiambia sahani. "Utarudi majini mpaka ushike adabu."

Chumba chake kilikuwa nyuma ya jiko. Kilikuwa na masinki matatu, kichanja cha chuma kilichoinamia upande mmoja, na tangi la maji ya moto lililokohoa kila lilipowashwa. Alivaa mabuti ya mpira na aproni ya plastiki iliyomfika kwenye vifundo vya miguu. Masufuria ya bwalo yalikuwa makubwa, na ili kuyafikia chini ilibidi azamishe kichwa na mabega, tena akiwa humo alipenda kuimba. Kila mwaka walikuwapo wanafunzi wapya waliopita dirishani, wakasikia sufuria inaimba, wakatimua mbio. Ukoko haukumtisha, masizi hayakumtisha. "Uchafu si aibu," alikuwa akisema. "Uchafu ni kazi yangu, ndio unaonilisha. Aibu ni sabuni. Mtu akila chakula akaonja sabuni, ujue amekula uvivu wa mtu."

Msimamo huo aliurithi kwa mama yake. Marehemu, Mungu amrehemu, hakula kwa watu mpaka asuuze sahani yake mwenyewe mbele ya mwenye nyumba, na dada zake Suuza walikuwa vivyo hivyo. Ukoo mzima ulisifika kwa usafi, na sifa hiyo walitembea nayo kifua mbele. Wakitoka kwenye shughuli ya mtu, walisema njiani kwa ule mnong'ono unaosikika nyumba ya tatu, "Chakula kizuri, ila sufuria hawakuisuuza." Watu wa namna hiyo hawapendwi, lakini huogopwa, na wao hilo liliwatosha.

Sasa utaelewa masaibu yaliyompata alipooa. Mke wake alikuwa mwanamke wa kupigiwa mfano, mchapakazi, mwenye kicheko cha karibu, na chakula chake majirani walikifuata kwa visingizio vya kuomba chumvi. Ila siku nyingine dengu zake zilikuja mezani na ladha ya sabuni. Siku nyingine maharage, siku nyingine viazi. Bwana harusi alisema kwa upole. Bibi harusi akasuuza zaidi. Sabuni ikarudi. Binti yao alipokua akaanza kula vyakula vya wakubwa, naye akakunja uso na kusema, "Mama, sabuni," na kuanzia siku hiyo ikawa mashahidi wawili kwa mmoja.

Mambo yaliharibika siku shemeji yake, yaani dada wa mke wake, alipokuja kuwatembelea. Suuza alionja kijiko kimoja tu. Akainuka, akaleta bakuli, akamimina humo chakula chote kilichobaki, akaibeba sufuria hadi kwenye sinki na kuanza kuisuuza hadharani, mgeni akiwa ameshika kijiko hewani. Mgeni alipoondoka, mke alimshika mumewe mkono, akamwekea dodoki kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja.

"Kuanzia leo, baba watoto," alisema, "mimi napika. Kuosha ni kwako."

Basi akaosha kazini, akarudi akaosha nyumbani. Na sabuni je? Siku nyingine haikuwapo, siku nyingine ilikuja vilevile. Hapo mtu mwingine angejiuliza maswali mawili matatu. Suuza hakujiuliza hata moja. Alisema sabuni ya ile miaka ya uzembe ilikuwa imeingia ndani ya sufuria. Akanunua sufuria mpya. Sabuni ikaja. Akasema basi ni mwiko. Kila jioni alimaliza kuosha, akachukua yale maji ya mwisho ya kusuuzia, maji safi yasiyo na tone la povu, akalimwagia kopo lililokaa dirishani ambamo mke wake alipanda giligilani yake. Alilitunza kopo lile kwa moyo mmoja, na giligilani ikanawiri.

Yakaja mabadiliko chuoni. Aliletwa Mkuu wa Chuo mpya, mama mrefu mwenye miwani na kauli laini, na kama walivyo wakuu wapya wote, alikuja na mambo yake. La kwanza, atakuwa anakula bwaloni, chakula kilekile cha wanafunzi. La pili, hakuyapenda yale masinki matatu. Alikotoka, watu walikula kwenye maboksi ya kutupa. Mtu akimaliza anatupa, hakuna maji, hakuna sabuni, hakuna mwoshaji. Alilisema hilo kikaoni siku yake ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayesimulia safari, na habari zilimfikia Suuza akiwa ndani ya sufuria. Kwa mara ya kwanza sufuria iliacha kuimba katikati ya wimbo.

Mwezi huohuo mpishi mkuu wa zamani alistaafu, akaja mwingine, bwana mnene mwenye vidole vyepesi, aliyeamini kwamba chakula kisicho na kijani juu yake kiko uchi. Alikuja na giligilani, au dania, au kotmiri, kila mtu aite anavyojua. Aliikatakata ikiwa mbichi mpaka ikawa chenga, kisha akainyunyiza juu ya kila sahani inayotoka dirishani, macho ameyafumba nusu. Wanafunzi waliipenda. Walimu waliisifia. Mkuu wa Chuo akajipanga foleni na sahani yake, akaketi, akachota kijiko cha dengu, akakitia mdomoni, akatulia.

"Naomba kumwona anayeosha vyombo," alisema.

Suuza alitoka na aproni yake, maji yakimdondoka viwikoni. Mkuu hakufoka. Angefoka, pengine ingekuwa nafuu. Alisema kwa upole, mbele ya bwalo zima, "Baba, dengu hizi zina sabuni."

Damu ilimpanda kichwani. Miaka yote ile, mabuti yote yale aliyoyachakaza, hakuna mtu aliyewahi kumtamkia neno hilo. Lilikuwa neno lake yeye, la kuwaambia wengine. "Haiwezekani, Mama," alisema. "Kwa heshima zote, haiwezekani."

"Onja."

Akaonja. Na hapo, ndugu msomaji, dunia ilimgeuka, maana ile haikuwa dengu, ilikuwa sabuni. Sabuni ileile aliyoijua tangu utoto wake, imekaa juu ya ulimi, haina hata haya.

"Inayo," alisema kwa sauti ndogo.

Mpishi akaonja, akasema haoni kitu. Mtunza stoo akaonja, akaongeza sahani. Wanafunzi watatu waliokuwa karibu wakaonja bila kuombwa, wakasema tamu. Bwalo zima walioonja sabuni walikuwa wawili tu, mlalamikaji na mshtakiwa. Sijui kama imewahi kusikika kesi ya namna hiyo, mshtakiwa kuwa ndiye shahidi wa pekee wa aliyemshtaki.

"Suuza, wewe ni mjinga?" mpishi alimkemea jikoni baadaye. "Ungekana! Sote tungekusimamia."

"Nitakanaje nilichoonja?"

"Kwa mdomo! Si unao?"

Lakini Suuza hakuweza. Sabuni ilikuwa sabuni. Mkuu alimpa wiki moja ajirekebishe, akaeleza na kitakachofuata. Siku ya mwisho ya wiki atakula kwenye sahani mpya kabisa iliyotoka dukani, na kijiko chake cha nyumbani. Kama sabuni haitakuwapo, basi itakuwa imethibitika kwamba tatizo ni uoshaji, masinki yatafungwa, na maboksi yataletwa. "Si chuki, baba," alimwambia. "Ni afya za watoto wa watu."

Wiki ile Suuza alijikaza kisabuni, kama vijana wanavyosema, ingawa neno lenyewe lilimchoma. Kwanza alipunguza sabuni. Kisha akasuuza mara dufu, mpaka tangi likakohoa moja kwa moja na fundi wa bomba akaja kuuliza kama kuna moto. Mwishowe aliacha sabuni kabisa. Aliosha kwa majivu, maji ya moto na nguvu za mwilini, akachemsha vijiko, akasugua mikono yake yeye mwenyewe mpaka ikawa na makunyanzi. Kila mchana alimwomba mpishi kijiko kimoja kutoka kwenye sahani iliyo tayari, akaonja, na kila mchana sabuni ilikuwapo. Sabuni kwenye vyombo visivyoguswa na sabuni! Alianza kujiuliza kama labda ni yeye mwenyewe, kama miaka ya kazi imemwingia mwilini na sasa anavuja povu kwenye ncha za vidole.

Nyumbani hakusema kitu. Angeanzia wapi? Mke wake angecheka mpaka majirani waje. Usiku mmoja katika hiyo wiki aliwekewa dengu, akatia kijiko mdomoni, sabuni. Akatafuna taratibu. Akameza.

"Leo husemi?" mke wake aliuliza.

"Niseme nini? Ni nzuri."

Mke wake aliweka kijiko chini, akanyoosha mkono juu ya meza na kumgusa kipaji cha uso. "Huna homa," alisema, na akaendelea kumwangalia mpaka alipomaliza.

Siku ya hukumu bwalo lilijaa kuliko siku za nyama. Sahani mpya ilitolewa kwenye boksi lake mbele ya watu, na kijiko kikatoka kwenye mkoba wa Mkuu kikiwa kimefungwa kwa leso. Mpishi alijipanga na upawa, lakini Mkuu alimzuia. "Leo napakua mwenyewe," alisema, "ili asije mtu akasema tumefanya njama." Akachota dengu moja kwa moja kutoka kwenye sufuria, akaketi meza ya mbele. Suuza alisimama karibu na mlango, amevua aproni na kuikunja, maana hakutaka kufukuzwa akiwa ameivaa.

Mkuu akala kijiko kimoja. Akala cha pili. Uso wake ukalegea.

"Safi," alisema. "Hakuna sabuni hata chembe. Jamani, dengu ni tamu hivi?"

Minong'ono ikazagaa. Mtunza stoo akainamisha kichwa. Suuza aliibana aproni kifuani. Si mshahara uliomjia akilini, wala si maboksi. Ni mama yake, amesimama kwenye sinki la Mungu, anamgeuzia mgongo.

Mpishi naye alikuwa na lake lililomkera. Tangu alipoona sahani ile imewekwa mbele ya Mkuu wa Chuo, tupu, haina kijani, moyo wake haukutulia. Kesi au si kesi, chakula cha bosi kinatokaje jikoni kwake kikiwa uchi? Alisogea kando ya meza, akasema, "Samahani, Mama," akainyunyizia giligilani, akarudi nyuma hatua moja kuangalia kama imekaa vizuri.

Mkuu akachota kijiko cha tatu, anazungumza huku akikiinua. "Kwa hiyo, kuanzia wiki ijayo..." Akakitia mdomoni. Akakitoa kile kijiko, akakitazama mbele na nyuma.

"Sabuni," alisema.

Watu wote waliitazama sahani. Ilikuwa ileile. Kijiko ni kilekile. Kisha, kidogo kidogo, macho yakaihama sahani na kupanda kwenye vidole vya mpishi, ambavyo bado vilikuwa na kijani kwenye ncha.

"Mimi sijafanya kitu!" mpishi alilia, mikono juu.

Nyuma ya bwalo kiti kikaanguka kwa kishindo. Aliyekiangusha ni mwalimu wa baiolojia, bwana mwembamba aliyezoea kula peke yake mwisho wa meza, kwa sababu wenzake walikuwa wamechoka kusimuliwa habari za seli. Alikuja mbio katikati ya mabenchi, tai ikimpepea begani, uso wake una furaha ambayo haikufaa kabisa kwenye kesi ya mtu.

"Ni pua!" alipaza sauti. "Si vyombo, ni pua! Nani mwingine hapa anaionja sabuni? Nani?"

Suuza akainua mkono, polepole, wa kwanza na wa mwisho.

"Njoo hapa, mzee wangu, keti," mwalimu alisema, akamvuta benchini akae ubavuni mwa Mkuu, kitu ambacho hakikuwahi kutokea tangu bwalo lijengwe. "Sikilizeni. Ndani ya pua, juu kabisa, kuna seli za kunusia. Kwenye ngozi ya kila seli kuna protini imechomoza nje, ni kipokezi. Harufu ikipita, kipokezi kinachoifaa kinainasa, kisha seli inapeleka habari kwenye ubongo. Vipo vya aina mamia. Na ladha ya chakula, jamani, sehemu kubwa ni harufu, muulizeni mtu mwenye mafua."

"Sabuni imeingiaje hapo?" mpishi aliuliza, bado ana wasiwasi na vidole vyake.

"Haijaingia! Ndiyo habari yenyewe. Kwenye giligilani kuna harufu za ukoo mmoja na zile za sabuni. Kuna kipokezi kimoja kinachozinasa sana, na jeni inayobeba maelekezo ya kukitengeneza imepewa jina la herufi na namba, kama gari: OR6A2. Baadhi ya watu, maelekezo yao yametofautiana kidogo na ya wengine mahali hapo. Wewe mpishi unasikia kiungo. Wao wanasikia sabuni. Dengu ni hizohizo, sahani ni hiyohiyo." Akavuta pumzi, akaongeza kwa uaminifu wa mwalimu, "Si jeni hiyo peke yake, wataalamu bado wanachimba. Lakini hii kesi imekwisha."

"Kwa hiyo mwenye kasoro ni mimi?" Mkuu aliuliza.

"Si kasoro, Mama. Ni ulivyoumbwa. Na huyu mzee hivyohivyo."

Mkuu alivua miwani, akaifuta, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na bwalo zima lililokuwa likisubiri ruhusa likaangua kicheko pamoja naye. Kisha akaushika mkono wa Suuza uliojaa makunyanzi, akasema kwa sauti ya kusikika, "Baba, nimekuonea. Nimekuonea mbele za watu, na mbele za watu naomba radhi. Maboksi hayaji." Wanafunzi waligonga meza kwa vijiko. Mpishi alimkumbatia, kijani kikabaki kwenye shati lake.

Ilikuwa siku ya kufurahi, na watu walishangaa kuona Suuza hafurahi. Alikuwa amemshika mwalimu kwenye kiwiko.

"Mwalimu. Hiyo jeni, mtu anaitoa wapi?"

"Kwa wazazi, mzee wangu. Inatembea ndani ya ukoo. Baba, mama, watoto."

"Na majani yakiwa kidogo tu? Yamekatwakatwa, hata huyaoni?"

"Pua inayaona."

Suuza akabaki ameketi. Mama yake, anasuuza sahani kwenye nyumba za watu. Dada zake, wananong'ona njiani. Binti yake amekunja uso mezani. Ukoo mzima wa wasafi, waliodharau nusu ya nyumba za mji, na chini yake hakuna kitu ila protini moja kwenye pua! Angeweza kucheka, na siku nyingine angecheka. Lakini katikati ya hao wote alimwona mke wake akisuuza, akirudia kusuuza, mwaka wa kwanza wa ndoa, anainua sufuria kwenye mwanga na kuuliza, "Na sasa?" Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Mke wake alikuwa jikoni anachambua dengu kwenye sinia. Pale dirishani lilikuwapo kopo la giligilani, mti wa mashtaka, umestawi, na aliyeumwagilia ni yeye mwenyewe.

"Mama watoto," alisema. Alimweleza yote: dengu, Mkuu, majivu, sahani mpya, mpishi, pua. Alipofika mwisho alisema, "Sufuria zako zilikuwa safi. Siku zote zilikuwa safi. Nimekusingizia miaka yote hii. Nisamehe."

Mke wake alitoa kijiwe kwenye dengu, akakiweka pembeni.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni majani. Tangu mwaka ule niliokwenda kwa binti yetu alipojifungua, nawe ukasahau kumwagilia, kopo likakauka. Nilivyorudi nilipika wiki nzima bila giligilani. Ukalamba sahani. Ukanisifu, ukasema hatimaye nimejifunza kusuuza." Alimtazama. "Na aliyekuwa anasuuza ni wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Hapo hapo uliposimama. Nilisema, baba watoto, ni haya majani. Ukasema natafuta kisingizio."

Akakumbuka. Hata mlango alioegemea aliukumbuka, na jinsi alivyocheka. Aliketi kwenye kigoda.

"Sasa... mbona hukuacha kuyaweka?"

"Kwa nini niache? Nayapenda. Na ukiniudhi niliongeza." Hapo kicheko chake cha karibu kilimponyoka, kisha akakirudisha. "Mimi nilikuzoea. Kilichoniuma ni siku ile ya dada yangu. Tangu siku hiyo hajala tena kwangu. Hilo ndilo sikulizoea."

Suuza alisikia neno hilo likimwingia mpaka ndani. Alitoa simu mfukoni, akaitafuta namba, na ilipopokelewa akasimama wima.

"Suuza hapa," alisema. "Shikamoo shemeji. Shemeji, nimekosa. Ile siku, ile sufuria. Ilikuwa safi."

"Najua ilikuwa safi," shemeji alisema. "Niliiosha mimi."

Mke wake, aliyekuwa ameinama kusikiliza, aliziba mdomo kwa kanga. Suuza aliishika simu kwa mikono miwili. Ilichukua muda, na radhi nyingi, na maelezo marefu ya pua ambayo shemeji aliyapokea kwa mashaka makubwa, lakini mwisho akasema atakuja Jumapili. "Nitakula," alisema. "Ila sufuria siigusi."

Jioni ile dengu zilikuja mezani kwenye bakuli mbili, moja ina kijani juu, nyingine haina. Suuza alikula yake yote. Zilikuwa tamu, tamu kweli, na alilisema hilo mara nyingi mpaka mke wake akamwambia inatosha. Kisha, kwa mazoea, akainuka na kukusanya vyombo. Alipofika kwenye sinki wazo likamjia. Akageuka, dodoki mkononi, amelinyoosha kidogo upande wa mke wake.

"Mama watoto," alianza, "sasa kwa kuwa ukweli umejulikana, na ikaonekana kwamba kusuuza wewe unajua vizuri tu..."

Mke wake alinyoosha mkono dirishani, akalivuta kopo karibu, akachuma jani moja la giligilani, akalikatakata taratibu kwa kucha juu ya sufuria ya dengu za kesho.

"Ulikuwa unasemaje?" aliuliza.

"Nilikuwa nauliza," alisema Suuza, akafungua bomba, "nisuuze mara mbili au tatu."

"Tatu," alisema mke wake.